Mpishi wa Kamba wa Kionga

Siku moja alikuja mgeni kutoka Palma kutazama mabwawa yetu. Akamkuta mama mnene amejipaka usoni msiro, ule unga mweupe wa mti, kashika mwiko mrefu kama kasia, akamuuliza kazi yake ni nini hapo. "Mie mpishi," akajibu. "Nimepikia harusi, nimepikia matanga, nimepikia wakubwa wa serikali. Sasa napikia kamba. Katika wote hao, kamba ndio wanaojua kula." Mgeni akacheka, akidhani anataniwa. Mpishi akamtazama kwa huruma, kisha akaendelea kukoroga.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Nilipomuuliza mara ya kwanza alikuwa mtu wa Mbau, nilipomuuliza tena akawa wa ng'ambo ya Ruvuma, na siku niliyomkuta amekasirika alisema yeye ni mtu wa jikoni na jiko halina kwao. Nikaacha. Kionga nzima tulimwita Mpishi, wakubwa kwa wadogo, na ukimwita kwa jina lake aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Mabwawa yetu yalikuwa mashamba ya chumvi ya zamani, nyuma ya mikoko. Tuliporudi kutoka huko tulikokimbilia wakati wa vita, familia kadhaa tuliungana tukaunda chama, tukachimba yale mashamba yakawa na kina, tukajaza maji ya bahari na kuweka vifaranga vya kamba. Mimi kazi yangu ni motobomba. Maji yakihitajika kuingia bwawani na bahari imepwa, ni mimi na mashine yangu, na mashine yangu ina kiburi kama cha mwenye nyumba.

Mke wangu na watoto walikuwa bado Pemba, ule mji wa kusini yetu, si kisiwa, kwa dada yake. Akipiga simu hakuniuliza hali. Aliuliza, "Kamba wazima?" Alikuwa ameniambia wazi: hatawarudisha watoto mahali pasipo na chakula mara ya pili. Mavuno yakipatikana atakuja kuona. Yakishindikana, nifunge mlango nihamie Pemba, na habari ya Kionga iishe. Pemba ningeishi vipi, mimi ninayejua kila mnazi wa hapa kwa mwinamo wake? Kwa hiyo wale kamba, wengine waliwaona biashara; mimi niliwaona ni nyumba yangu.

Mavuno ya kwanza yalikufa. Nisipambe maneno. Tuliamka tukakuta kando ya bwawa kamba wanaogelea ovyo, magamba laini, ule mstari mweusi wa chakula mgongoni haupo, na ndege kulasitara wamejipanga ukingoni kama watu waliopewa kadi ya mwaliko. Mtu aliyetushauri wakati huo alitupa dawa za vidonge tuchanganye kwenye chakula. Hazikusaidia, na mnunuzi wa Mocímboa akasema kamba waliolishwa dawa hizo hawataki hata bure, maana huko wanakopelekwa wanapimwa. Mwenyekiti wa chama akasimama akatangaza kwamba tutajaribu mara moja zaidi. Ikishindikana, tunabomoa malango ya maji na kurudi kwenye chumvi. Na chumvi, sote tulijua, haiwezi kulisha familia zote zile.

Hapo ndipo akaletwa mtaalamu, tuliyemwita Tekniku. Kijana Mmakua kutoka kusini, mrefu, mpole, amesomea mambo ya ufugaji wa baharini, na ana tabia ya kusema "pronto" hata pale ambapo hakuna kilichokwisha. Alituambia ugonjwa ni wa bakteria, kwamba bakteria hao wamo ndani ya maji siku zote, na kwamba kwingine watu wameanza kuwapinga kwa vitu vya kawaida: kitunguu saumu, manjano, majani ya mpera, habasoda, vyote vikichanganywa kwenye chakula kidogo kidogo ili kamba awe na nguvu kabla hajaugua. Alijua kiasi, alijua sababu. Lakini kila alipochanganya, maji yaliosha dawa yote kabla kamba hajafika, au kamba alinusa akaenda zake. "Anatakiwa mtu anayejua kupika," mwenyekiti akasema, nusu mzaha. Alasiri ile ile Mpishi akatokea na kinu chake kichwani.

Basi nianze na ulimi wake. Kila alichowapa kamba, alikionja kwanza. Chembe za chakula cha kamba ni unga wa dagaa, pumba za mahindi na soya, vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu hawezi kuvitafuna. Yeye alitafuna, akatazama juu, akatema pembeni kwa adabu na kusema, "Hiki kimekosa mafuta," au, "Manjano yamezeeka haya, mfanyabiashara wa Mtwara ametuona wajinga." Tekniku alikuwa anapima kwenye mizani, anapata jibu lile lile au jibu jingine, na ugomvi unaanza. Ulimi ukipatana na mizani Mpishi alisema mizani imejifunza. Ukikosana nao alisema betri zimekwisha.

Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe kamba hali. Hata mmoja. Akila kamba mwili unamwasha na midomo inavimba, na hivyo huyu bingwa wa kuwalisha hakuwahi kujua walivyo mdomoni. Tukimtania, anasema, "Mkunga naye azae watoto wote?" Hapo hujui ucheke au ufikiri.

Makosa alifanya, tena makubwa, na aliyafanya kwa sauti. Siku ya kwanza alikaanga kitunguu saumu. Harufu ilifika msikitini. Watu walikuja na njaa zao kuuliza kuna shughuli gani. Tekniku alikimbia kutoka bwawani mikono imelowa, akasema, "Mama, ukikaanga nguvu yake inakufa. Kinatakiwa kibichi, kitwangwe, kikae kidogo, halafu kichanganywe."

"Kibichi?" Mpishi akashangaa. "Kitunguu saumu kibichi ni cha kumfukuza mchawi, si cha kumkaribisha mgeni."

Walijaribu yote mawili kwenye beseni lenye kamba wachache. Kibichi peke yake kamba walikisogelea, wakarudi nyuma wakakaa mbali. Hapo Mpishi akachukua mafuta ya samaki, akayapaka juu ya chembe baada ya kitunguu kukauka kivulini, akasema harufu kali lazima ivishwe nguo. Kamba wakaja. Nilikuwepo, nimeinamia lile beseni na spana yangu mkononi, na niliona mikono yao midogo inavyozishika zile chembe na kuzigeuza. Nilikodoa macho kama mtu anayetazama mpira wa penalti.

Tatizo la maji kuosha dawa nalo lilimtesa. Alijaribu wanga wa muhogo, ukayeyuka. Alijaribu uji wa mchele, ukachacha. Mwishowe akaenda ufukweni kwa akina mama wanaolima mwani, akarudi na fungu, akauchemsha hadi ukawa mzito kama ute wa bamia, akaukoroga na ile dawa na kuzivisha chembe. Akatia chache kwenye glasi ya maji ya bahari, akakaa mbele ya glasi ile kwenye kigoda, miguu imenyooka, hataki kusemeshwa. Chembe zilibaki chembe. Tekniku alipoona alipiga makofi peke yake, halafu akaona haya. Alisema kuna gundi kama hiyo inayouzwa kwenye mikebe na kwamba asingefikiria kuitafuta pwani. Mpishi akasema na yeye asingejua kuna watu wanaotaka gundi ya chakula, kama Tekniku asingesema. Hiyo ndiyo siku pekee niliyowasikia wakisifiana.

Baadaye akaongeza pilipili bila kuagizwa. Kamba walihamia upande wa pili wa beseni, wote. "Hawana adabu," akasema, akamwaga.

Mwezi wa Ramadhani ulitupa shida ambayo naamini haikupata watu wengine duniani. Mpishi alikataa kuonja. Shehe akamweleza kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ncha ya ulimi na kutema. Akajibu kwamba ruhusa hiyo ni ya mpishi wa binadamu, na kwamba habari za kamba yeye hajazisikia zikisomwa. Tekniku, ambaye ni Mkristo, akajitolea kuonja. "Ulimi wako umelelewa na chakula cha mkebe," Mpishi akamwambia. Akapika kwa pua na kwa mkono tu, akazidisha majani ya mpera, na chakula kikawa kichungu hadi kamba wakawa wanakisukuma. Siku ya Idi, baada ya sala, alionja kilichobaki, akakunja uso. Akaenda ukingoni na nguo zake mpya akawaomba radhi kamba, kwa maneno kamili, kama anavyoombwa mtu.

Ukimsikiliza juujuu utadhani ni mtu wa kujisifu tu. Kweli alikuwa anajisifu. Alijisifu akichemsha maji. Lakini nimemwona akitwanga tangu jua lichomoze hadi mikono inatetemeka, na ukitaka kumsaidia anakufukuza. Nimemwona pia akigombana na mwenyekiti kwa sababu chakula kiliwekwa juani. Alikuwa mkali kwa watu na mlaini kwa wageni wake, na wageni wake walikuwa ndani ya maji.

Ulaini huo ndio karibu utumalize wote.

Ilikuwa hivi. Tulipoweka vifaranga vya mara ya pili, Tekniku alitaka mabwawa mawili yawe tofauti. Yako jirani, moja linaitwa la Mikoko, jingine la Minazi. La Mikoko litakula chakula chenye dawa ya Mpishi. La Minazi litakula chakula kitupu. Vifaranga ni wale wale, maji ni yale yale, na mwisho tutajua.

Mpishi aliweka mwiko chini. "Umeona wapi harusi, wageni wa mkono wa kulia wanakula pilau, wa mkono wa kushoto ugali mkavu, na wote wanaonana?"

"Mama, hii ni teste, jaribio. Bila hivyo hatutajua kama ni dawa yako au ni bahati."

"Na hawa wa Minazi wakiugua?"

"Basi tutakuwa tumejua."

"Yaani ujuzi wako unataka maiti?"

Swali lilikuwa la haki. Lakini Tekniku alishikilia, kwa upole wake ule ule, na mwenyekiti akamuunga mkono. Mpishi akaitikia kwa mdomo tu.

Wiki zikapita. Kamba wakakua, na kila nilipopiga simu Pemba sauti yangu ilikuwa juu zaidi. Halafu asubuhi moja nikawaona kulasitara upande wa Minazi. Nilijua kabla sijafika. Kamba ukingoni, wamepauka, wengine hawana mstari mgongoni. Nikakimbilia Mikoko huku nasoma kila dua ninayoijua. Huko walikuwa wanaruka, wazima, magamba yanang'aa. Nilikaa chini kwenye tope, nikacheka peke yangu.

Basi furaha iliyoingia Kionga siku ile, hata waliopoteza kamba wa Minazi hawakuweza kuikataa. Lililokula dawa limesalimika, lililonyimwa limeugua. Nani anataka ushahidi mwingine? Tulikutana kwenye banda la stoo. Mwenyekiti alisema tangu kesho Mpishi apike mara mbili ya kiasi, wale wa Mikoko walishwe dawa asubuhi na jioni hadi washibe, na wa Minazi nao, tusimwache hata mmoja. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshampigia mke wangu simu, nimemwambia Mpishi ametuokoa.

Mpishi yeye amekaa juu ya gunia la pumba, msiro umekauka na kupasuka usoni, anatazama mikono yake. Nikadhani anasubiri sifa zizidi. Kisha akasimama.

"Wale wa Minazi nao wamekula," akasema.

Mwenyekiti akamuuliza wamekula nini.

"Dawa. Kila alasiri nyie mkienda kusali, mie napita na bakuli chini ya kapulana niliyojifunga. Nawatilia. Wao wanaona wenzao wanakula, wao hawapewi. Sikuweza."

Tekniku alijishusha taratibu akakaa juu ya ndoo. Mwenyekiti akaanza kusema kwa hasira kwamba ameharibu kazi ya chama, kwamba aliaminiwa, kwamba sasa hatujui chochote. Mpishi hakujitetea. "Nimeharibu," akasema. "Lakini mnataka kupika mara mbili kesho. Ndiyo maana nasema leo."

Nataka lieleweke alichokifanya. Alikuwa ameshapewa ushindi. Hakuna aliyemwona na hakuna ambaye angemuuliza. Mwanamke yule aliyependa sifa kuliko sukari alisimama akazirudisha zote mbele ya watu. Wakati ule sikumshukuru. Nilimkasirikia, kwa sababu nilifikiria simu niliyopiga asubuhi.

Tekniku ndiye aliyeinuka kwanza. Akauliza polepole: wa Minazi walikula chakula chao cha kawaida, chote? Walikula chote, aliyewatupia akasema. Halafu juu yake cha Mama? Juu yake. Kila siku? Kila siku. Akachukua mti mrefu, akatoka, sisi nyuma yake kama maandamano. Akauchoma bwawani kwenye kona wanakolishwa, akauchomoa. Ncha ilikuwa nyeusi, inanuka yai viza. Kilikuwa chakula kilicholala chini, kikaoza.

"Hapa ndipo bakteria wanapozaliana," akasema. "Kamba walikuwa wameshiba, Mama. Zile bakuli zako za alasiri umewapikia bakteria."

Mpishi aliuangalia ule mti muda mrefu. Sidhani kama kuna tusi lililowahi kumwingia vile, na Tekniku hakukusudia tusi.

Kwa asiyetufahamu nieleze. Kwetu, kwenye shughuli, sinia likirudi jikoni jeupe ni aibu ya mpishi. Maana yake watu wameondoka na njaa, na maneno yatasemwa hadi Mocímboa. Sinia zuri ni lile linalorudi na chakula. Na sisi tulikuwa na masinia ya wavu tuliyoyashusha bwawani na kuyapandisha baada ya muda ili kuona kamba wamekulaje. Kila lilipopanda tupu, Mpishi aliona aibu. Kila lilipopanda na mabaki, alitulia. Hakuna kati yetu aliyemwambia kwamba kwa kamba ni kinyume chake, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunafurahi tukiona mabaki. Tumekulia kwenye shughuli hizo hizo. Kama angekaa kimya siku ile, tungemimina mara mbili Mikoko vilevile, kwa mapenzi kabisa, na tungewazika.

Kazi iliyofuata sitaisahau. Tulipunguza chakula. Watu waliingia Minazi wakazoa tope jeusi kwa ndoo na karai, wakalimwaga mbali na mfereji. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lilikuwa limekaribia, tukafungua malango, maji ya zamani yakatoka, mapya yakaingia, na yalipopungua mimi na motobomba tukamalizia. Siku zile mashine haikunisumbua hata mara moja, labda iliogopa uso wangu. Dawa iliendelea, kiasi kile kile kidogo cha Tekniku, kwa mabwawa yote mawili. Na kila sinia lilipopandishwa tupu, Mpishi alisimama hapo, mkono umeshika bakuli, hautii kitu.

"Nitasemwa," aliniambia siku moja.

"Na nani, mama?"

"Na wao." Akaonyesha maji kwa kidevu.

Minazi tulipoteza wengi, lakini si wote. Waliobaki walirudisha mstari wao mgongoni na magamba yao yakawa magumu. Mikoko hawakuugua kabisa. Siku ya mavuno maji yalipofunguliwa na wavu ukajaa, kamba waliruka hadi wakatupiga vifuani, na watu wazima walikuwa wanapiga kelele kama wanacheza mvua. Mnunuzi alipima, akapeleka sampuli zake, akarudi kutaka zaidi. Malango hayakubomolewa.

Mara iliyofuata teste ilifanywa upya, na safari hii Mpishi mwenyewe alinijia na ufunguo wa stoo. "Fundi, kaa nao weye. Mkono wangu una tabia yake." Nikakaa nao hadi mwisho, na alasiri nilimwona akijishughulisha na mambo yasiyo na kichwa wala miguu ili asipite njia ya Minazi. Wa dawa walikua vizuri zaidi, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Tekniku alieleza mara nyingi, hadi tukamchoka, kwamba kitunguu saumu hakimfufui kamba aliyekwisha, kwamba maji safi na chakula cha kiasi ndiyo nguzo, na dawa ya Mama ni juu ya hapo. Mpishi alisikiliza amevaa nguo zake za kuendea harusi, akaitikia kwa kichwa kila neno, halafu akamwambia jirani kwa sauti ya kusikika, "Ya kwangu iko juu."

Sasa wenye mabwawa mapya huko Mbau wamemwita. Mara ya mwisho kumwona kabla hajaondoka ndiyo siku mke wangu alipokuja.

Gari kutoka Palma lilifika mchana. Watoto walishuka kwanza, wamerefuka hadi nikawaonea haya. Mke wangu akashuka nyuma yao na mfuko mmoja tu, wa mkononi. Nilitazama juu ya gari kama kuna mizigo mingine. Hakukuwa na kitu, na gari likaondoka. Amekuja kuona, kama alivyosema, na mtu wa kuona hubeba nguo za kubadilisha tu. Nilimpokea huo mfuko na ulikuwa mwepesi.

Mpishi alikuwa kando ya barabara ananunua kitunguu saumu. Aliuona mfuko. Najua aliuona kwa sababu aliutazama, kisha akanitazama mimi, kisha akageukia vitunguu. Nilimwomba Mungu asiseme neno, maana akianza kutusifia mabwawa ataharibu. Alimsalimia mke wangu, akamuuliza za safari na za dada yake, akamwambia, "Mwanangu, twende ukanishikie ndoo," kana kwamba wanajuana miaka yote.

Tukaenda. Kwenye ukingo wa Mikoko alimpa kamba ya kuvutia sinia, akamwambia avute. Mke wangu akavuta, mikono miwili, kitenge kinalowa, na lile sinia la wavu likapanda limejaa kamba hai, wanarukaruka, mmoja akamwangukia mguuni. Watoto wakapiga mayowe na kumkimbiza kwenye majani. Mke wangu alilishusha sinia majini, akalivuta tena, yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Akatazama mabwawa, banda, watu waliokuwa wanachimba bwawa jipya upande wa kusini. Alitazama kila kitu kwa muda, jinsi anavyotazama kitambaa sokoni kabla ya kununua. Mimi nilijifanya nakaza nati ya motobomba ambayo haikuwa imelegea.

Kisha akafuta mikono, akatoa simu, akampigia dada yake Pemba. Nilisikia inaita. Nilisikia salamu. Halafu akasema, "Nitumie masufuria yangu. Yote, hata lile kubwa. Na kinu."

Niliinama juu ya mashine, maana macho yangu yalikuwa hayafai kuonekana.

"Na mchi," Mpishi akasema nyuma yake, anakung'uta ndoo. "Mwambie asisahau mchi, utatwangia nini?"